Mama Twende Anaagwa Mahali Basi Halifiki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Twende wa kitengo cha uhamasishaji anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Kazi yake ilikuwa moja: kuwashawishi wenye magari wayaache nyumbani, wapande basi. Wenzake tunaandika haya kwa nusu furaha na nusu hasira, na hasira ina sababu.

Alianza kwa kubandika mabango, akaona hayamshushi mtu garini. Akagundua kwamba wengi hawalichukii basi, wanaogopa tu kuonekana washamba kwa kutojua kulipanda. Akawa anawafuata majumbani asubuhi, anawaambia "twende", na kupanda nao safari ya kwanza. Jina lake lilitokea huko.

Daktari mmoja wa meno alijifanya mjuzi, akatangulia kituoni peke yake. Akasimama kakunja mikono, suti imenyooka, na mabasi yakampita moja baada ya jingine. Alikuja ofisini akifoka kwamba madereva wamemdharau. Mama Twende alicheka hadi akashika meza, kisha akamfundisha kunyoosha mkono. Siku hizi daktari huyo ameuza gari, na anagombania kiti cha dirishani na wanafunzi.

Sasa mtu kama huyu anaagwaje? Kamati ya sherehe, bila haya, imechagua ukumbi nje ya mji ambako hakuna basi hata la kubahatisha. Kadi ya mwaliko inajisifu kuwa maegesho ni tele! Mkurugenzi, ambaye kila mwaka huzindua kampeni yetu na hajawahi kukanyaga ngazi ya basi, ameahidi kumtumia gari lake. Jamani, huku si kumuaga mtu, ni kumsuta mbele ya wajukuu wake. Imetuuma. Mama mwenyewe amejibu kwa upole kwamba anashukuru, lakini garini haingii, na kama ndiyo hivyo, sherehe iendelee bila yeye.

Haitaendelea bila yeye. Sisi wa kitengo chake tutakata keki kituoni, mbele ya lango la ofisi, jioni ya tarehe 30 baada ya kazi, kisha tutapanda naye basi hadi kwake. Ukumbi na maegesho yake tumeiachia kamati.

Mama Twende, asante kwa kutushika mkono. Tunakuombea mapumziko marefu, afya njema, na kiti cha dirishani kila safari.

Mkurugenzi naye anakaribishwa. Akifika kituoni anyooshe mkono, akiukunja, tutampita.