Unga wa Watu Wawili

MWOKAJI: Haloo! Nani mwenzangu? Paza sauti, simu nimeiegemeza kwenye kopo la hamira, mikono imejaa unga.

MWALIMU: Mimi dada yako. Unga? Leo? Si unamwoza binti—

MWOKAJI: Na suti nimevaa. Usinigombeze. Mmefika wapi? Wageni wamejaa uani, wakwe wamekaa mbele wananitolea meno, na Kiingereza changu unakijua.

MWALIMU: Ndicho nilichokupigia. Tairi limepasuka, la akiba halina upepo. Siwahi, kaka.

MWOKAJI: [simu inaangukia unga]

MWALIMU: Haloo? Mtandao huu—

MWOKAJI: Nipo. Nani atanitafsiria sasa? Wale Kiswahili chao ni "asante" basi. Na mtoto kaniomba, "Baba, niahidi utawaambia neno." Nikisimama kama gogo, aibu ni yake.

MWALIMU: Kwani hujui hata neno moja?

MWOKAJI: Moja lipo. "Make". Liko kwenye mifuko ya unga.

MWALIMU: Basi umepona! Hilo ni punda wao, wanalibebesha kila mzigo. Kuoka mkate, make. Kutandika kitanda, make. Kupiga kelele, make. Kupatana baada ya ugomvi, make. Kumchekesha mtu, make. Hata mimi kushindwa kuwahi harusi—

MWOKAJI: Usiniambie!

MWALIMU: Make.

MWOKAJI: Masikini! Sisi tunaoka, tunashona, tunafuma, tunajenga, wao neno moja?

MWALIMU: Usiwacheke. Wewe hupigi simu? Hupigi pasi? Hupigi deki?

MWOKAJI: Deki sipigi.

MWALIMU: Hilo najua. Sasa sikia asili yake, salio langu linakata. Wataalamu wanasema, huko nyuma kabisa, mzizi wake ulikuwa kukanda.

MWOKAJI: Kukanda nini?

MWALIMU: Udongo, donge la unga, chochote. Kukanda mpaka vishikane. Na mzizi huohuo ukazaa neno lao la zamani la mwenzi. Mtu mnayelingana. Mke, mume.

MWOKAJI: Wifi yako angelipenda hilo.

MWALIMU: Sana.

MWOKAJI: Tulikanda pamoja, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa tanuri, meza moja. Alipotutoka, mtoto akaja akasimama palepale. Sikumwita, alikuja mwenyewe. Na leo, dada… nimeingia jikoni nitulize kichwa kidogo, nikachota unga wa watu wawili. Mazoea yana tabu.

MWALIMU: Ndiyo maana umejifungia humo.

MWOKAJI: Naumia, nisikufiche. Mkwe ni kijana mzuri, sina neno naye. Lakini naumia.

MWALIMU: Kaka, huo unga—

MWOKAJI: Ngoja, mlango unagongwa. Nani? …Ingia, mama. Aa-aa, gauni hilo! Shangazi yako huyu, kapata pancha. …Eti anakusalimu.

MWALIMU: Yuko wapi?

MWOKAJI: Keshakunja mikono ya gauni. Kasimama pale pa mama yake. Anacheka, eti donge limenishinda.

MWALIMU: Muite bwana harusi.

MWOKAJI: Humu? Na viatu vile?

MWALIMU: Muite, nakwambia! Salio—

MWOKAJI: Mkwe! Weee, mkwe! Njoo! …Kaja. Koti vua, baba. Vua! …Pita huku, upande wa tanuri. Hapa. Pangu.

MWALIMU: Enhe?

MWOKAJI: Wanakanda. Mkwe anakanda kama anafua soksi, lakini hajambo, anamtazama mwenzake mikono. Nimewaachia meza, dada. Mimi nipo ukutani, sijui hii mikono niiweke wapi.

MWALIMU: Unalia?

MWOKAJI: Unga umeniingia machoni.

MWALIMU: Unga huo nami umenifikia huku barabarani.

MWOKAJI: Ee, mlangoni kumejaa! Wakwe, majirani, mpiga picha… Mama yake kijana huyo mbele. Ananiuliza kitu. Ananyoosha kidole mezani. Dada, anauliza nini?

MWALIMU: Anauliza wanafanya nini. Mjibu! Neno unalo—

MWOKAJI: Mama! Hawa wawili… "Make"!

MWALIMU: Kasemaje? Hivyo ni vigelegele au mtandao? Kaka!

MWOKAJI: Kanikumbatia! Na unga wote huu nilionao, kanikumba—

MWALIMU: Kaka? Haloo? …Haloo?