Mama Pima na Vitanda Thelathini na Sita

Tarehe 30 mwezi huu, Mama Pima anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha vifaa vya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Hiyo miezi minne ameidai mwenyewe. Katika rasimu ya kwanza niliandika "zaidi ya miaka thelathini", naye akaizungushia "zaidi ya" duara jekundu, akaniuliza ni zaidi kwa kiasi gani.

Kwa wenzetu wa stoo na wa usafirishaji, ambao wamemsalimia miaka yote bila kujua hasa anafanya nini kule chumba cha mwisho, ni hivi. Kabla hatujatengeneza kifaa chochote, tunaichora saketi yake kwenye kompyuta na kuiwasha humo humo, bila waya wala moshi. Lakini kompyuta haijui transista ni nini. Ni lazima ipewe maelezo ya kila kipuri: kinapitisha umeme kiasi gani, kikipata joto kinakuwaje, kinaungua lini. Maelezo hayo ndiyo tunayoyaita modeli. Kuzitafuta modeli hizo, kuzikagua na kuzitunza ndiyo kazi ya Mama Pima. Modeli ikiwa ya uongo, kompyuta itakudanganya kwa adabu zote, tena kwa rangi nzuri.

Hakuanzia huko. Aliajiriwa kama karani wa stoo, kazi yake kuhesabu rezista na kuzipanga kwenye makopo. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wahandisi wakawa wanachagua transista yoyote iliyokuwemo kwenye orodha, kwa hoja kwamba transista ni transista. Saketi zikawa zinapita vizuri kwenye kioo cha kompyuta na kufuka moshi mezani. Karani, ambaye ndiye aliyekuwa akitumwa kuleta vipuri vipya, alichoka kutumwa. Siku moja akaenda kuchungulia, akagundua kwamba dayodi iliyokuwa inaungua kila wiki haikuandikiwa kikomo mahali popote kwenye modeli yake. Kwa kompyuta, ilikuwa dayodi isiyokufa. Mhandisi mkuu wa wakati ule alicheka, akaenda kuangalia, akarudi hacheki. Mwezi uliofuata karani akapewa meza, mita mbili za kupimia umeme na nafasi ya kusoma jioni chuo cha ufundi. Alisoma miaka mitatu, mtoto wake wa kwanza akilelewa na mdogo wake, na hakukosa kazini hata siku moja.

Jina la Mama Pima alipewa na wahandisi, na halikuwa la kumsifu. Kila aliyemletea modeli aliyoiokota huko na huko aliambiwa neno moja tu: pima. Kuna kiwanda kimoja cha vipuri alichokiandikia barua mara tisa akiomba modeli ya kipuri chao. Walipochoka walimtumia. Akaiweka kwenye saketi, na saketi ikaanza kutoa umeme mwingi kuliko ilioupokea. Alisimama mlangoni akatangaza kwamba umeme wa bure umepatikana, sasa aite wahandisi au wahubiri? Kumbe miguu ya kipuri ilikuwa imeandikwa kwa mpangilio mwingine, wa tatu mahali pa wa kwanza. Akaisahihisha, halafu akawaandikia barua ya kumi, kuwaeleza.

Oveni iliyo chumbani kwake ni ya jikoni, lakini kwa miaka kumi na minane imepika transista tu. Mhasibu wetu hakuyajua hayo siku aliyoingiza bakuli lake la chakula lipate moto. Alipokuja kulichukua alikuta limechomekwa waya mbili, na karatasi pembeni inayosema chakula kimefika nyuzi themanini na tano na hakionyeshi dalili ya kupitisha umeme. Mhasibu alikula. Tangu hapo hajaikaribia ile oveni.

Nyumbani nako si salama. Mumewe, fundi seremala mwenye subira kubwa, anasema kila kipimajoto cha nyumba yao kina mwenzake wa kukisuta.

Kuna utaratibu mmoja ambao ni wake, nasi tunaufuata mpaka leo. Kila modeli katika maktaba yetu inaanza kwa mistari minne. Wa kwanza ni nani kapima, wa pili ni lini, wa tatu ni vipande vingapi na kwenye joto gani. Wa nne unaanza na neno "Haijui", kisha yanafuata yale ambayo modeli hiyo haiwezi kuyasema. Haijui baridi chini ya nyuzi tano. Haijui kinachotokea ukiizidishia umeme. Wageni huona ni ajabu, mtu kuorodhesha upungufu wa kazi yake mwenyewe na kuutia sahihi. Leo maktaba ina modeli elfu moja mia mbili na nane, na hakuna hata moja isiyo na mstari huo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nisipolisema mimi, litasemwa jikoni kwa chumvi nyingi.

Mwanzoni mwa mwaka huu tulikuwa na vitanda thelathini na sita vya joto, vya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Vilikuwa vimefungwa, vimefutwa vumbi, vinasubiri gari. Kitanda cha aina hii kina ulinzi wa mwisho: joto likizidi, transista moja inakata umeme wa rilei, yaani swichi inayoshikiliwa na umeme, rilei inaachia, na kipasha joto kinazimika. Transista tuliyoizoea iliacha kutengenezwa, tukanunua nyingine ambayo wauzaji walituhakikishia kwamba ni ile ile kwa jina jipya. Modeli yake haikuwepo.

Mama Pima akaanza kuitafuta. Watengenezaji walijibu kwamba modeli iko njiani, na bado iko njiani. Katika maktaba za watu wengine alipata tatu, kutoka sehemu tatu, za kipuri kimoja, na kila moja ilikuwa na namba zake. Alizibandika ukutani kwa pamoja. Zote tatu zilipatana kwenye jambo moja tu: hakuna iliyokuwa imepimwa zaidi ya nyuzi ishirini na tano. Transista yetu inakaa sentimita nne kutoka kwenye kipasha joto.

Saketi hiyo niliichora mimi. Nilikuwa na haraka, na sitaki kujificha nyuma ya neno "sisi". Nilichukua ile modeli iliyonipendeza kati ya zile tatu, nikaiwasha saketi kwenye kompyuta, ikapita. Nikachapisha mchoro wa rangi nikampelekea meneja wa uzalishaji, nikamwambia kwamba kazi imekwisha isipokuwa sahihi ya mtu mmoja mgumu. Maneno hayo, "mtu mgumu", ni yangu.

Mama Pima alikataa kutia sahihi. Aliomba siku tisa. Na msidhani ilikuwa rahisi, kwa sababu hospitali ilikuwa inavihitaji vile vitanda jana. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na mkoba begani, akauliza hiyo modeli ni kitu gani hata iwe na thamani kuliko watoto, maana wodini kwake walikuwa wanalazwa wawili wawili kitanda kimoja. Mama Pima alimpa kiti, akamweleza kila kitu bila kupunguza, kisha akamwambia, "Dada yangu, watoto hao ndio ninaowapimia. Nikikupa kitanda nisichokijua, nitalala vipi?" Muuguzi aliondoka bila kuaga. Siku hiyo Mama Pima hakunywa chai.

Meneja naye alimwambia kwamba akiendelea kushikilia atapewa barua ya onyo, miezi mitatu kabla ya kustaafu, baada ya miaka yote hiyo bila doa. Akajibu kwamba barua iandikwe tu, bahasha ya mafao ni kubwa, itaenea. Alisema hivyo akitabasamu, kisha akafungua daftari lake la vipimo. Jina safi ndilo alilokuwa anakwenda nalo nyumbani, na alijua analiweka rehani. Hata hivyo alisimama kidete.

Alichukua transista kumi kutoka maboksi tofauti, akaziingiza kwenye oveni moja moja, akasoma vipimo kila baada ya nyuzi tano. Kila moja ilichukua karibu siku nzima ya kazi, hivyo aliazima oveni ya pili kwa dada yake, na ya tatu sitaki kusema ilitoka wapi. Siku ya tisa asubuhi modeli ilikuwa tayari. Tukaiwasha saketi yangu nayo. Kwenye nyuzi ishirini na tano kila kitu sawa. Kwenye themanini, joto la pale jirani na kipasha joto, transista iliyotakiwa kufunga kabisa ikawa inavujisha umeme kidogo, kidogo mno, ambao hautoshi kuiamsha rilei lakini unatosha kuizuia isiachie.

Nilisema modeli yake imekosea. Nilisema hivyo mbele ya watu.

Hakubishana nami. Aliagiza kitanda kimoja kifunguliwe, akaweka mfuko wa maji mahali pa mtoto, akaondoa udhibiti wa kawaida ili ulinzi wa mwisho ubaki peke yake, kisha akawasha. Tulikuwa watu saba tumekizunguka, pamoja na meneja. Kipimajoto kilifika thelathini na nane, ambapo kipasha joto kilitakiwa kuzimika. Hakikuzimika. Thelathini na tisa. Arubaini. Meneja alivua miwani akaifuta akaivaa tena. Arubaini na moja. Kila mmoja wetu aliuona ule mfuko wa maji kwa macho mengine. Ilipofika arubaini na mbili, Mama Pima aliinama akachomoa waya ukutani.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Dawa ilikuwa rezista moja ya ukubwa wa punje ya mchele, ya kuumwaga ule umeme unaovuja. Tulivifungua vitanda vyote thelathini na sita na kuchomelea rezista hiyo, meneja akishika taa. Ilituchukua siku mbili. Barua ya onyo haikuandikwa. Mama Pima hakusema "niliwaambia", si siku hiyo wala siku nyingine. Alichonifanyia mimi ni kunisogezea kiti kando yake na kunifundisha kupima kuvuja kwa transista tangu mwanzo, kama mtu aliyeajiriwa jana. Nilistahili makali zaidi ya hayo.

Vitanda viliondoka mwezi wa nne. Wiki tano zilizopita, saa nane mchana, simu ililia. Alikuwa yule muuguzi mkuu, na alikuwa amewaka. "Kitanda chenu kimejizima chenyewe, na mtoto yumo ndani! Ndizo siku zenu tisa hizo?" Tulikwenda mimi na Mama Pima, hatukungoja hata gari la ofisi. Tulikuta shuka limeteleza chini ya godoro na kuziba matundu yote ya hewa. Joto lilikuwa limejikusanya chini, upande ambao udhibiti wa kawaida hauwezi kuliona. Ulinzi wa mwisho ulilihisi, rilei ikaachia, kengele ikalia. Kitanda kilikuwa kimefanya kile hasa kilichotakiwa kufanya.

Mama Pima alimwonyesha muuguzi lile shuka. Muuguzi alilishika, kisha akaketi kwenye kiti cha karibu na kufunika uso kwa mikono yake. Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa na kilo moja na gramu mia nne. Mama Pima aliuliza joto lake ni ngapi, akaambiwa thelathini na saba nukta moja, naye akaliandika kwenye kiganja chake. Katika miaka niliyofanya naye kazi, ni mara ya kwanza kumwona akiandika kipimo ambacho hakukichukua mwenyewe.

Dada yetu Mama Pima, shukrani za kiwanda zitasomwa na mkurugenzi, na zawadi itakabidhiwa na kamati. Zangu ni hizi. Nilikuita mtu mgumu, na nilikuwa na haki ya kukuita hivyo, kwa maana ugumu wako ndio uliosimama kati ya saketi yangu na watoto wa watu. Asante kwa siku tisa. Asante kwa kile kiti ulichonisogezea. Msalimie fundi seremala, ukawabebe wajukuu wako wanne, ulale mpaka jua lichomoze bila mtu kukuuliza kipimo cha kitu chochote.

Yule mtoto aliruhusiwa Jumatatu iliyopita, akiwa na kilo mbili na gramu mia moja. Muuguzi mkuu alipiga simu mwenyewe kukuarifu. Ana maisha marefu mbele yake, inshallah, na mema tunayomtakia yeye ndiyo tunayokutakia wewe.