Mzee Muiruri na Ndoo Mbili za Maji

Mzee Ezekiel Muiruri Kiarie alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika shamba la mzungu karibu na Njoro, mtoto wa tatu wa marehemu Kiarie na marehemu Wamaitha. Uchungu ulimshika mama yake kando ya banda la farasi, kwa hiyo waliomsikia akilia mara ya kwanza hawakuwa watu.

Alisoma hapo hapo Njoro hadi darasa la saba. Mwalimu wa hesabu alimwita mtoro, lakini huko alikotorokea pia alikuwa akihesabu: mapigo ya moyo wa farasi, kidole chini ya taya.

Mwaka 1970 aliajiriwa Gilgil kama saisi, yaani mtunza farasi wa mashindano, kazi aliyoifanya miaka arobaini na minane. Farasi alipotoka mbioni, Mzee alimfinya ngozi ya shingo. Ikichelewa kurudi, mwili umekauka. Kisha alileta ndoo mbili, ya kwanza maji ya chumvi, ya pili maji matupu. Agosti 2009, katika mbio za kilomita themanini, farasi jike aitwaye Zawadi alikataa maji kwenye kituo cha ukaguzi njiani na moyo wake haukutulia.

"Si amekataa mwenyewe? Hana kiu. Aendelee," tajiri wake, mwenye farasi, akasema.

"Boss, jasho ya farasi iko na chumvi mingi. Chumvi ikiisha, mwili hausikii kiu. Huyu akiendelea, tutamzika."

Alifutwa kazi papo hapo. Hakuondoka. Zawadi alikunywa ndoo ya chumvi, akamaliza ya pili, akaanza kutafuta ya jirani. Jumatatu tajiri alikuwa langoni kwetu, kofia mkononi, akimwomba arudi kazini.

Tarehe 11 Desemba 1976 Mzee alimuoa mama yetu, Nabalayo, Mbukusu, mjini Nakuru. Nusura harusi isiwepo. Kwa Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hata mkono hawapeani. Siku ya posa, bibi yetu, mama yake Nabalayo, alifika kutoka kisimani, jua kali, naye Mzee kwa mazoea akamfinya ngozi ya shingo na kutangaza, "Mama, umekauka." Wazee walitoka nje mbio. Alitozwa kondoo, na maisha yake yote alishikilia kwamba kipimo kilikuwa sahihi.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Daktari alimruhusu lita moja ya maji kwa siku, chumvi marufuku. "Daktari," Mzee akamuuliza, "umewahi kufuga hata punda?" Kazi ya kupima maji nilipewa mimi, Shiru, kitinda mimba. Alinibembeleza, akaninunia, akanitolea Biblia: "Yule mwanamke wa Samaria hakumuuliza Yesu leo amekunywa vikombe vingapi."

Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, mchana, aliomba kikombe kimoja zaidi. Lita ilikuwa imeisha. Nilimnyima. Akasema, "Sawa, Shiru. Saisi akikubali kubembelezwa, anaua farasi." Saa kumi jioni alituacha akiwa usingizini. Watu wananiambia nilifanya vizuri. Mimi bado nakiona kile kikombe, na kinaniuma.

Ameacha mjane, Nabalayo, watoto Karanja, Abby na Shiru, wajukuu sita, na farasi kumi na mmoja huko Gilgil ambao bado hawajaambiwa.

Baba, huko uliko hakuna anayepima. Kunywa, kisha upumzike kwa amani.