Sindano Iliyotafutwa Sakafuni

Ndugu waombolezaji, mtoto tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, akiwa wa pekee kwa mama yake, fundi cherehani, ambaye alirudi kazini baada ya mwezi mmoja, mtoto akilala ndani ya boksi la vitambaa, wateja wakamwita Kifungo kwa udogo wake, na jina likamganda.

Januari 2024 alianza chekechea, akahesabu hadi mia, ila kumi na sita aliiruka kila siku, na mwalimu akimkosoa alimjibu kuwa hiyo ameiazima mtu, ataileta kesho. Kazi yake ilikuwa kumtungia mama uzi kwenye sindano, kisha mama huichomeka kifuani mwa gauni lake, kama wafanyavyo mafundi wote. Kuolewa hakuolewa, wala hakuzaa, alikuwa na miaka mitano.

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, saa kumi alasiri, baba yake aliingia amefura, akamkaba mama, akambamiza kwenye kabati hadi mlango ukavunjika, Kifungo akajitupa katikati, akamkumbatia mama yake, teke likampata mgongoni, likamgandamiza kwenye kifua kile. Alilia mara moja tu. Baadaye mama aliikosa sindano yake, akafagia sakafu mara tatu, akiogopa mtoto asije akaikanyaga.

Siku ya tano alianza kuhema, akapewa dawa za kikohozi, akawa analala ameketi. Tarehe 26, hospitalini, picha ilionyesha maji yameuzunguka moyo, yanaubana usipige, daktari akayavuta, yakatoka mekundu, na picha ya pili ikaonyesha sindano imechoma moyo. Alipasuliwa kesho yake, Alhamisi, moyo ukasimama saa saba mchana.

Humu msibani wapo wanaonong'ona kuwa mama ni mzembe. Sindano ilikuwa mahali pake, aliyeisukuma yuko polisi, na familia imetaka wasifu huu usomwe hivyo, mama yake akisikia.

Tunamshukuru daktari, aliyepiga magoti mbele ya mama na kumweleza taratibu jambo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kuliona kwa miaka ishirini ya kazi, muuguzi aliyemsuka mtoto nywele kabla ya upasuaji, jirani aliyemng'oa baba yule juu yao, na mafundi wenzake mama, waliomaliza sare za wateja wake bila kumuuliza lolote.

Pumzika kwa amani, Kifungo, mama yako tunaye sisi.