Narelle Tranter, Aliyesema Kweli Hospitalini

Wasikilizaji wapendwa, leo muziki nimeuweka kando. Nina hasira, na sitajifanya sina. Tunamkumbuka Narelle Tranter, mwoka pai wa hapa kwetu Burrandool, aliyefariki Jumanne, wiki tatu zilizopita. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Narudia: arobaini na mitatu.

Wengi mlimjua kwa pai zake za nyama. Wachache mlijua kwamba alizioka huku amejifunga tumboni mfuko wa mpira wenye maji ya moto. Narelle alikuwa na endometriosis. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi huota mahali pasipo pake, na kwake iliota mpaka kwenye utumbo. Ilianza kumuuma akiwa na miaka kumi na mitatu. Ugonjwa alitajiwa jina akiwa na ishirini na tisa. Pigeni hesabu wenyewe, maana mimi nikipiga nitatukana hewani.

Miaka mitano iliyopita daktari mmoja mwenye masikio alimwandikia mafuta ya bangi. Kwa cheti, kutoka duka la dawa. Matone machache chini ya ulimi kabla ya kulala. Hayakumponya, lakini usingizi aliupata. Ndipo akaanzisha kikundi cha Alhamisi, kwenye ukumbi ule nyuma ya uwanja wa kriketi. Wanawake kumi na mmoja, ugonjwa mmoja, mafuta yale yale. Birika likichemka walijaza kwanza mifuko yao ya tumboni, chai baadaye.

Sheria zao zilikuwa mbili. Ya kwanza: huendi hospitali peke yako. Unakwenda na msemaji, mwenzako wa kukusemea maumivu yakikukaba. Ya pili: hufichi mafuta.

Kwa hii ya pili waligombana. Bronwyn Sciacca, msemaji wake Narelle, hakuitaka hata kidogo.

"Shoga, ukitaja bangi pale hawakusikilizi tena," alimwambia. "Wanaanza kukunusa."

"Wanuse tu. Tukificha, tumekubali kwamba sisi ni wezi. Halafu siku ya kupasuliwa nusu kaputi ikuue kwa sababu hukusema unatumia nini, nije nioke pai za msiba wako. Na pai zenyewe nimezichoka."

Wakacheka. Sheria ikabaki.

Sasa nisikilizeni vizuri. Asubuhi moja mwezi Machi, Bronwyn alikuwa anatoka kuwapeleka watoto shule. Polisi wakamsimamisha, wakampima mate. Matone yake alikuwa ameyatumia jana yake, kwa cheti. Hakuwa amelewa, na askari mwenyewe alikiri hivyo. Lakini sheria ya jimbo letu haiulizi kama umelewa. Inauliza kama kuna chembe ya bangi mdomoni. Cheti wakakitazama, wakamrudishia. Leseni ya udereva ikachukuliwa kwa miezi mitatu. Kwa mtu anayeishi shambani, mahali pasipo basi, hiyo ni kukatwa miguu.

Narelle aliumwa Jumapili, leseni ya Bronwyn ikiwa bado imefungiwa. Mama yake Narelle, Bi Coral, alikuwa kwa dada yake, mjini Grafton. Jirani akamfikisha hospitali, kilomita sitini, akamshusha mlangoni, akarudi. Narelle akaingia peke yake.

Daktari akamuuliza anatumia dawa gani. Akasema kweli. Cheti akakitoa. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na alikuwa anatapika. Daktari akaandika kwenye faili: mgonjwa anatafuta dawa za kulevya. Akampa vidonge viwili vya panadoli, akamwambia akaoge maji ya moto. Vidonge viwili, wasikilizaji.

Narelle akampigia Bronwyn simu akiwa kwenye benchi la nje. "Wameninusa," alisema. "Ulisema, dada, na mimi sikukusikia."

Utumbo ulikuwa umeziba. Jumatatu ukapasuka. Jumanne hatukuwa naye.

Hospitali imeandika barua. Inasikitika kwamba huduma haikufikia matarajio ya mgonjwa. Matarajio ya mgonjwa yalikuwa kuishi.

Alhamisi baada ya maziko, wale kumi walikutana. Bronwyn akataka sheria ya pili ifutwe. "Tudanganye kama wengine," alisema. "Waongo wanatibiwa." Bi Coral, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa amekuja tu kuchukua birika la mwanawe.

"Yule daktari simsamehe," alisema. "Lakini Narelle alipokuwa na miaka kumi na mitatu, amejikunja bafuni, nilimwambia kila mwanamke anaumwa, vaa sare uende shule. Wa kwanza kutomwamini ni mimi. Hiyo sheria msiiguse. Leseni ninayo, bangi sijawahi kuonja, mate yangu wapime mpaka wachoke. Nitawapeleka, na nitawasemea."

Bi Coral, pole sana, mama. Bronwyn, na ninyi wote wa Alhamisi, poleni. Na wewe unayenisikiliza ukiwa jikoni, kama kuna binti amejikunja chumbani kwako, usimwambie avumilie. Muulize inauma wapi, kisha amini atakachokujibu.

Juzi Bi Coral alimpeleka msichana wa miaka kumi na tisa hospitali ile ile. Daktari akauliza dawa. Msichana akamgeukia Bi Coral.

"Sema, mwanangu."

Akasema. Daktari akashika kalamu. Bi Coral akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza, akavaa miwani yake.

"Andika, daktari," alisema. "Mimi nasoma."