Mbuzi Asianguke

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka mitatu iliyopita, njaa yake miwili, na pale Songea watu walikuwa wameanza tena kubishana juu ya mambo yasiyo na kichwa wala miguu, jambo ambalo ni dalili ya afya. Mahali pa kubishania palikuwa gogo la mninga chini ya kilima cha Bwana Barabara, Mdachi aliyesimamia uchimbaji wa njia ya kwenda Madaba. Gogo lilibaki pale kwa sababu lilikuwa zito mno, hata kwa viboko halikubebeka. Upande mmoja wa gogo Bakili, Myao wa Tunduru, aliweka birika lake la kahawa. Upande wa pili alikaa Hironimus wa Maposeni, na huyo msimwite mvivu, maana alikuwa kazini. Kazi yake ilikuwa kulinda njia ya mbuzi.

Naam, njia ya mbuzi. Msicheke mapema. Bwana Barabara alikuwa na tumbo bovu, maziwa ya ng'ombe hayakumkubali, akaagiza mbuzi wawili wa maziwa kutoka kwao Ulaya, weupe, hawana pembe wala ndevu. Mwaka jana mmoja wao, akiwa na mimba, aliteleza kwenye ngazi ya banda, akatupa mimba, na wiki ile ile akafa. Hironimus alilazwa kifudifudi akapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na mpaka leo mvua ikikaribia, mgongo wake hujua kabla ya mawingu. Sasa mbuzi wa pili, Berta, alikuwa na mimba ya miezi minne, umebaki mwezi mmoja. Banda limeshushwa, sakafu imetandikwa nyasi kavu, na kilimani imechongwa njia ya kumshusha mtoni akanywe: inazunguka polepole, imemwagwa changarawe kwato zisiteleze, ina fito za kushikilia kila upande. Watu marufuku kupita, wasije wakamsukuma. Watu walikuwa na njia yao, ile ya zamani ya udongo mwekundu, iliyopanda moja kwa moja, na mvua za masika zilikuwa zimeilainisha vizuri sana.

Jana jioni, pamoja na changarawe yote ile, Berta alipiga goti.

— Alipiga goti tu, au alianguka? — aliuliza Bakili, akimimina.

— Goti moja. La mbele. Limechubuka kidogo hivi. — Hironimus alionyesha ncha ya kidole. — Bwana ameliona. Amesema akianguka tena, nami nitalala chini. Kaka Bakili, mgongo huu hauna nafasi tena.

— Sasa nisikilizeni mimi niliyefika Pwani, — alisema Sefu.

Huyu Sefu walimwita Tarumbeta. Aliwahi kubeba mzigo mpaka Kilwa mara moja, na tangu siku ile hakuna kitu asichokijua.

— Mbuzi wa Ulaya anaanguka kwa sababu dunia ya huku imeinama. Kule kwao ni bapa, kama sinia. Mbuzi anazaliwa, anakua, anazeeka, hajaona kilima.

— Nani kakwambia?

— Nimeiona bahari, Bakili. Bahari umeiona wewe? Ni bapa. Na Ulaya iko upande ule ule.

Bakili alitaka kujibu, akaona kahawa itapoa.

— Mimi nasema ni roho, — alidakia Pankrasi. Watu walimwita Nusu Padri, kwa kuwa alifundishwa katekisimu mpaka katikati, akarudishwa nyumbani kwa ajili ya pombe. — Yesu na Maria! Mnyama mwenye mimba yuko mpweke. Mwenzake amekufa, hana wa kumwambia kitu kwa lugha yake. Hironimus, wewe unamsemesha kwa lugha gani?

— Kingoni.

— Ndiyo hapo! Unamwambia simama, yeye anasikia piga goti.

— Namsemesha na Kiswahili pia.

— Mbaya zaidi. Mwenda pole hajikwai, lakini mwenda pole asiyeelewa anajikwaa vilevile.

Hironimus aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amekuja kazini alfajiri hajatia kitu kinywani, amekaa roho juu, na alitamani mtu amwambie neno moja tu la maana. Aliogopa. Hakuona haya kusema hivyo.

— Jamani, mimi naogopa. Msinitanie. Mke wangu ndiye aliyenilisha kwa mkono mwaka jana, siku tisa.

— Nani anatania? — Tarumbeta alichukia kweli. — Dawa ninayo. Machela! Bwana akienda safari si anabebwa na watu wanne? Basi na Berta abebwe. Asubuhi machela mpaka mtoni, jioni machela mpaka bandani. Mguu usioshika ardhi hautelezi.

— Na wabebaji wakiteleza?

— Wapite kwenye changarawe.

— Watu marufuku kupita.

— Hawatakuwa watu, watakuwa miguu ya mbuzi!

Hapo hata Bakili alicheka, akamwaga kahawa kidogo kwenye kidole, akasema lahaula. Nusu Padri hakucheka. Alikuwa anatafuta methali, na alipoipata uso ulimng'aa.

— Aliye juu mngoje chini! Wazee hawakukosea. Hironimus, mbuzi anaposhuka, wewe usimfuate nyuma. Tangulia, lala chini pale penye kona, mgongo juu. Akianguka anakuangukia wewe, mimba salama.

— Kwa hiyo kwa vyovyote mimi nalala chini.

— Lakini hii ya kwangu haina kiboko.

Hironimus alianza kuona kwamba ushauri ule haukuwa mbaya kuliko mwingine, na hilo likamtia hofu zaidi.

— Au basi, — Tarumbeta aliinamisha kichwa, sauti ikashuka, — kuna wazee wanajua. Unachukua maji kidogo, unamnyunyizia yule mbuzi, na...

— Tarumbeta! — Bakili alikuwa ameshasimama na birika mkononi. — Hayo maneno ukayamalizie kwako, umefunga mlango. Si kwenye kahawa yangu.

Wote wanne walitazama juu kilimani, kisha kwa pamoja wakatazama vikombe vyao. Watu walinyongwa mjini hapo hapo kwa maneno kama yale, na kila mmoja kwenye gogo alikuwa na jina la ndugu asilolitaja mchana. Tarumbeta mwenyewe alikuwa na mawili.

— Nilitaka kusema unamnyunyizia asisikie joto, — alisema.

— Joto ni kali, — alikubali Nusu Padri haraka. — Masika ya mwaka huu yana joto.

Ilikuwa inanyesha rasharasha.

Ndipo akatokea mama mmoja kutoka upande wa mtoni, kikapu cha changarawe kichwani, mkono mmoja kiunoni. Hironimus alimfahamu: Kunegunda, wa Maposeni kama yeye, mkewe Kajetani. Kajetani alikuwa amechukuliwa kupagaa mizigo tangu kabla ya mvua, na siku zake za kazi ya barabara akabaki kuzifanya mke. Mimba yake ilikuwa imetangulia mbele yake hatua nzima. Tope lilikuwa limemganda kuanzia magotini mpaka kwenye nguo.

— Hamjambo, baba zangu.

— Hatujambo, mama. Umeanguka? — aliuliza Bakili.

— Mara mbili. Kikapu cha kwanza na cha tatu. — Alisema kama mtu anayetaja siku za juma. — Changarawe naiokota mtoni, naipandisha juu kwa msimamizi aihesabu, ndipo inateremshwa kumwagwa kwenye njia hii. Wanasema imepungua kwenye kona, mbuzi kapiga goti.

— Kapiga, — alisema Hironimus.

— Pole yake.

Bakili alimpa kikombe bila kuombwa. Kunegunda aliinywa kahawa kwa kusimama, kwa sababu akikaa, alisema, kuinuka ni kazi nyingine. Tarumbeta aliona heshima inamtaka amweleze wanachozungumza, basi akamweleza yote: dunia iliyoinama, machela, Hironimus kulala kwenye kona. Ya maji aliyaruka. Kunegunda alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka wala hakukunja uso.

— Kaka Hironimus, mbuzi wako ana mimba ya miezi mingapi?

— Minne. Wao huzaa mitano.

— Mimi minane. Na akianguka unapigwa wewe?

— Napigwa mimi.

— Na mimi nikianguka, — aliuliza, — anapigwa nani?

Aliuliza tu. Hakupandisha sauti, alikuwa anataka kujua, kama mtu anayeuliza njia. Tarumbeta aliyefika Pwani alianza kuchungulia kikombe chake. Nusu Padri alipekua methali zake zote, akafika mwisho. Bakili aliinamisha birika kumwongezea, likatoa matone mawili, na hapakuwa na kitu kingine cha kumpa.

— Basi, asanteni kwa kahawa, — alisema Kunegunda, akashika kikapu kuelekea ule udongo mwekundu.

Hironimus alimtazama akiweka mguu wa kwanza. Mguu ulirudi nyuma wenyewe. Akaweka tena. Hironimus aliona aibu, aibu ya kweli, iliyompanda shingoni mpaka masikioni, kwa kuwa miezi minne alikuwa amekaa kwenye gogo lile akiwaona wanawake wakipanda pale na macho yake yakitafuta kwato.

Akainuka. Akamtua Kunegunda kikapu, akakipachika kichwani kwake, kisha akaenda kwenye lango la njia ya mbuzi akavuta ufito wa kufungia.

— Hironimus! — Tarumbeta alisimama, kikombe kikamdondoka. — Utapigwa!

— Najua, — alisema Hironimus, akamgeukia yule mama. — Shika fito za mkono wa kulia, dada, na pale kwenye kona kanyaga taratibu.