Waliolala Kwenye Mteremko wa Mashuka

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa hospitali; Bwana Stoo; Binti wa Kamera, mwenye shughuli yake leo; na ndugu zetu wa jikoni mlioacha masufuria motoni, angalieni yasiungue: salamu nyingi kutoka chumba cha kufulia.

KARIBU UKAE

Kiti chako ndicho pekee kisichochechemea. Tumekijaribu wenyewe kwa zamu. Shuka lililotundikwa ukutani ndiyo sinema yetu. Tumelipiga pasi pande zote mbili, maana Binti wa Kamera alituonya kwamba mkunjo mmoja tu unaweza kuupasua mlima ulio pichani.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanawake wa kufua. Kila shuka la wodini hupita mikononi mwetu, tukalipandisha kwenye mteremko nyuma ya jengo, tukalianika. Tukishaanika hatushuki. Tunajinyoosha kwenye nyasi, jua limalizie kazi. Hakuna aliyetufundisha, migongo yenyewe ndiyo iliyotuelekeza.

Basi siku moja akaja binti na kamera ya miguu mitatu, akasema anataka kutupiga video tukiwa tumelala. Mama Povu, mkubwa wetu, akamtazama juu mpaka chini.

"Umetumwa na ofisi, mwanangu?"

"Hapana, mama. Mimi ni msanii. Nataka picha ya mapumziko."

"Mapumziko hayana sura. Halafu mimi silali kazini. Nafumba macho tu."

Binti hakubishana. Aliiacha kamera kwenye begi, akalala nasi. Kesho yake tena, na siku zilizofuata. Siku aliyoiwasha, hakuna aliyekumbuka hata kuficha miguu.

TUNACHOJIVUNIA

Picha yenyewe, mgeni rasmi, haina mwizi, haina harusi, haina hata anayechapwa kofi. Ni nyasi, mawingu, mashuka na sisi. Siku tuliyoonyeshwa mara ya kwanza, tulinong'onezana, "Mbona haianzi?" Kumbe ilishaanza kitambo. Upepo unalijaza shuka, shuka linatulia. Pembeni kifua cha mwanamke kinajaa, kinatulia, sawia. Kivuli cha wingu kinapanda taratibu, kinatufunika mmoja mmoja, kama mama anayepita vitandani kufunika wanawe. Mteremko ule tumeuona miaka yote ya kazi. Siku ile ndipo tulipoutazama.

Halafu wingu likawa jeusi. Ngurumo ikasikika, matone yakaanza. Tuliruka, vikapu mikononi, tukapanda mbio kuanua mashuka! Nje jua kali, kamba tupu. Binti wa Kamera alicheka mpaka akakaa chini, akasema hajawahi kusifiwa namna ile.

Tuliporudi tunahema, Mama Povu alikuwa hajasogea. Kwenye picha, wenzake wote walikuwa wamekimbilia kamba, amebaki mwanamke mmoja kwenye nyasi, mdomo wazi, matone yanamdondokea.

"Huyu nani, analala hivi mchana kweupe? Mvua haimwamshi?"

"Ni wewe, shoga."

Na ni kweli. Siku ya kupigwa picha tuliokoa mashuka kwanza. Yeye tulimwanua baadaye.

Mgeni rasmi, Mama Povu ana mume aliyepooza, anamgeuza kitandani usiku kucha, na asubuhi yuko kwenye beseni kabla yetu. Hata kula hula amesimama. Akausogeza mkono karibu na ule uso wa shukani, akaurudisha.

"Kumbe napumzika," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Mwacheni alale."

LINALOTUKOSESHA USINGIZI

Wiki hii vimechomekwa vigingi vya utepe mwekundu kwenye mteremko. Tunasikia pale patakuwa maegesho ya magari, na sisi tutaletewa mashine ya kukaushia. Mashine tunaishukuru kwa dhati, ila tumeichungulia kwenye picha, haina nyasi. Jana Mama Povu alijilaza katikati ya vigingi vile. Kwa mara ya kwanza, hata macho hakufumba.

TUNACHOOMBA

Tunaomba magari yakalale kwingine. Nyuma ya stoo kuna uwanja mzima umekaliwa na vitanda vibovu. Bwana Stoo asinune, vitanda tutamsaidia kubeba.

Pia tunaomba uitazame picha mpaka mwisho. Nyuma ya shuka la pembeni utaona viatu vyeusi vya ngozi, vimepangwa vizuri, soksi zimekunjwa ndani. Mwenyewe amelala fofofo. Watu wa jikoni wametuuliza sana ni nani. Tumewajibu kwamba kazi yetu ni kuondoa madoa, si kuwapaka watu. Tunachokumbuka ni kwamba alipoamka alijipangusa majani, akasema, "Akina mama, sijalala hivi tangu nipewe ofisi."

Tulifurahi sana kwa ajili yake. Nafasi yake bado ipo.

Mungu akujalie mgongo usiolalamika, usingizi usiokatizwa na simu, na maamuzi ya mtu aliyeamka vizuri.

Sasa taa zizimwe. Na mvua itakapoanza, mgeni rasmi, usikimbie. Mashuka tumeshaanua.

Ni sisi,
Akina Mama wa Kufua na Kupiga Pasi,
Mteremko wa Mashuka.